Husuni Kubwa kwa Macho ya Mtu wa Ziwani

Katika mji mdogo wa Mwandiga, karibu na Kigoma, pale inapoanzia barabara ya kwenda Manyovu na mpaka wa Burundi, hakuna magofu ya mawe. Kuna michikichi, kuna mihogo na migomba, kuna soko linalonukia mawese na dagaa wakavu, na nyuma ya hayo yote kuna vilima vinavyofuatana mpaka vinapotelea upande wa Buha ya juu. Mwanafunzi aliyezaliwa hapo, anapolikuta neno "ngome" katika kitabu cha historia, hana budi kuazima picha kutoka mahali pengine. Ama hufikiri jumba la Wajerumani lililoko Kigoma, ama hukumbuka michoro ya vitabu vya hadithi za Ulaya: mnara mrefu juu ya mlima, handaki lililojaa maji, daraja linaloinuliwa kwa minyororo, na askari aliyevaa chuma tangu utosini mpaka miguuni.

Siku moja nilikuwa nikifundisha habari za miji ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki. Niliandika ubaoni: Kilwa Kisiwani, Husuni Kubwa, karne ya 14. Nikaeleza kwamba neno husuni asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni ngome. Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akanyosha mkono. "Mwalimu," akasema, "ngome hiyo ilijengwa ili kumzuia nani?" Kabla sijamjibu, mvulana aliyekuwa nyuma yake akaongeza la kwake: "Na sisi huku ziwani, wakati huo tulikuwa tukifanya nini?" Wenzao wakacheka. Swali la kwanza nililijibu kwa maneno ya kitabu, na hata nilipokuwa nikiyatamka niliona kwamba hayakunitosha mimi mwenyewe. Swali la pili sikulijibu kabisa. Kengele ililia, nami nikashukuru.

Likizo ilipowadia nilifunga safari. Kutoka Kigoma hadi Kilwa ni kuikata nchi nzima ya Tanzania tangu ukingo mmoja hadi mwingine. Nilipanda gari moshi la Reli ya Kati, njia ile ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914 muda mfupi kabla ya kupoteza koloni lao. Nilipita Uvinza bila hata kuchungulia dirishani, jambo ambalo baadaye nililijutia, kama nitakavyoeleza. Nikapita Tabora, nikapita Dodoma, na baada ya kilomita zaidi ya 1,200 nikashuka Dar es Salaam. Basi la kusini lilivuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, likapita Nangurukuru, na jioni nikawa Kilwa Masoko.

Msomaji asichanganye. Kilwa ziko tatu. Kilwa Kivinje ni bandari iliyostawi katika karne ya 19; Kilwa Masoko ni makao ya serikali ya wilaya; na Kilwa Kisiwani ndiyo mama yao, kisiwa kilichotengwa na bara kwa mkono mwembamba wa bahari. Baada ya kupata kibali, huvukwa kwa mashua. Maji ya hapo ni ya kijani na ya upole, na mtu aliyezoea mawimbi ya Ziwa Tanganyika wakati wa upepo wa kusi haoni sababu ya kuogopa.

Jengo la kwanza kuonekana mtu anapokaribia kisiwa ni Gereza, nalo liko chini kabisa, pembeni ya maji. Kuta zake ni nene, lango lake ni zito, na pembeni ina minara iliyowekwa kwa ajili ya mizinga. Wareno ndio waliotangulia kujenga ngome mahali hapo. Pedro Álvares Cabral alifika Kilwa mwaka 1500. Vasco da Gama akaja mwaka 1502, akamlazimisha mtawala wa mji kutoa kodi kwa vitisho vya mizinga. Na mwezi wa Julai mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, akauteka nyara, na papo hapo akaanza kujenga boma. Mwaka 1512 Wareno waliondoka. Jengo linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waarabu wa Omani, la mnamo mwaka 1800, lililosimamishwa juu ya mabaki ya lile la Wareno. Hii ni ngome kweli, na kila jiwe lake linasema lilimwogopa nani.

Kutoka Gereza nilitembea nikapita Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kale ni ya karne ya 11 na sehemu yake pana iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14. Watu wengi huishia hapo, wakavutiwa na nguzo na kuba zake, nao hawana makosa. Lakini mimi nilikuwa na deni la darasani. Nikaendelea upande wa mashariki kwa njia ya miguu, kati ya minazi na mibuyu na mashamba madogo ya wanakijiji, maana kisiwa hiki si makumbusho matupu. Watu wanaishi, wanavua na wanalima. Njia ikavuka bonde lenye mikoko, ikapanda polepole, na ghafula nikajikuta juu ya genge, bahari ikiwa chini yangu kwa pande mbili.

Hapo ndipo ilipo Husuni Kubwa.

Mzee mmoja mwenyeji wa kisiwa alikuwa amekubali kunisindikiza. Njiani nilikuwa nimemwamkia na kumweleza kwamba natoka Kigoma, naye aliniuliza kama ni kweli ziwa letu halina chumvi. Tulipofika juu nilimwuliza mahali walipokuwa wakisimama askari. Alinitazama kwa mshangao kidogo. "Askari wa nini, mwanangu?" akasema. "Hii ilikuwa nyumba ya mtu."

Nilizunguka kuta zote ili nimpinge, lakini nilishindwa. Hakuna handaki. Hakuna matundu ya kupigia mishale. Upande wa baharini, ambako adui angetokea, jumba halijajikunja kama kobe, limejifungua. Ngazi zinashuka kutoka jumbani hadi ufukoni, kana kwamba mwenye nyumba alitaka wageni wapande bila kubisha hodi. Genge lile halikuchaguliwa kwa sababu ya vita. Lilichaguliwa kwa sababu ya upepo, na kwa sababu kila jahazi lililoingia bandarini lilipaswa kulitazama jumba hili kabla ya kitu kingine chochote, na mwenye jumba alilitazama jahazi.

Nilipima kwa hatua zangu. Jumba limelala kwa urefu kutoka kusini hadi kaskazini, na lilikuwa na vyumba zaidi ya 100. Upande wa kusini kuna ua mpana uliozungukwa na safu za vyumba, ambavyo wataalamu wengi huviona kuwa vilikuwa ghala za bidhaa. Upande wa kaskazini, kuelekea ncha ya genge, kulikuwa na makazi ya Sultani mwenyewe. Kati ya hizo mbili kuna ua mwingine wenye ngazi pana kama viti vya kukalia watu wengi. Bila shaka hapo ndipo watu walipokutana na mtawala wao, wakamsalimu, wakashtakiana na kupokea zawadi. Na pembeni, katika ua wake wa peke yake, limo birika la pembe nane. Nililitazama birika hilo kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ambayo msomaji ataiona mwishoni.

Inafaa niwaeleze wanafunzi wa bara namna nyumba hizi zilivyojengwa, kwani sisi hatuna mawe ya aina hiyo. Matumbawe ni mawe yanayojengwa baharini na vijidudu vidogo vyenye uhai. Yako ya namna mbili. Yale ya nchi kavu, yaliyoachwa na bahari ya zamani, ni magumu na yenye matundumatundu; hayo huvunjwavunjwa na kujengewa kuta. Yale yatolewayo chini ya maji yakiwa mabichi ni laini, fundi huweza kuyachonga kama mti, na yakiisha kukauka juani huwa magumu. Hayo hutumiwa kwa miimo ya milango, mihrabu, vidaka na mapambo. Udongo wa kuunganishia ni chokaa, nayo hupatikana kwa kuyachoma matumbawe yenyewe juu ya rundo kubwa la magogo. Kwa hiyo jengo la namna hii linakula bahari na msitu kwa pamoja.

Na dari? Dari za nyumba za pwani huegemezwa juu ya boriti za mikoko, na boriti nzuri ya mkoko haizidi sana mita mbili na nusu au tatu. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Waswahili ni virefu lakini vyembamba: msitu ndio uliotoa kipimo. Fundi wa Husuni Kubwa hakuridhika na kipimo hicho. Mahali pengine alijenga kuba, na mahali pengine mapaa yaliyopindwa kama nusu ya pipa, ili mwenye nyumba asitawaliwe na boriti. Hilo ni jambo la kujivunia. Kwa kadiri nionavyo mimi, ni jambo la kuhofisha pia, kwa kuwa jumba lilikuwa limekwisha kuushinda uwezo wa mji uliolijenga.

Jina la mwenye jumba linajulikana. Jiwe lililochongwa maandishi ya Kiarabu, lililopatikana katika magofu yale, linamtaja Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Alitawala Kilwa mnamo mwaka 1310 hadi mnamo mwaka 1333. Jina lake limo pia katika sarafu za shaba zilizotengenezwa Kilwa, na moja ya sarafu hizo imeokotwa Great Zimbabwe, mbali sana na bahari. Sarafu hiyo inaeleza chanzo cha mali yote ile. Dhahabu ilichimbwa katika nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa hadi bandari ya Sofala katika Msumbiji ya leo, ikapakiwa majahazini kuelekea kaskazini, na Kilwa ilikaa njiani ikitoza ushuru. Nguo za Uhindi, shanga na vyombo vya kauri vya China vilikuja kwa njia hiyo hiyo. Ndani ya Husuni Kubwa kwenyewe wachimbuzi waliipata chupa ya kauri ya China ya zama za nasaba ya Yuan.

Kwa bahati njema tunaye shahidi. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Tangier katika Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, wakati al-Hasan akingali hai. Aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri aliyoiona. Kuhusu Sultani alisimulia kisa ambacho kila mwalimu wa historia apaswa kukifahamu. Sultani huyo aliitwa kwa lakabu Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Siku moja alipokuwa akitoka msikitini, fakiri kutoka Yemen alimwomba nguo alizokuwa amezivaa. Sultani aliingia ndani, akavua, akavaa nyingine, akampa. Watu wakamsifu mno. Ndipo mwanawe alipozikomboa nguo zile kutoka kwa fakiri kwa kumpa watumwa kumi. Na Sultani, aliposikia jinsi watu walivyofurahi, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Nilipokuwa kijana nilikisoma kisa hiki kama habari ya ukarimu. Nilipokisoma tena, nikiwa nimeketi kivulini mwa ukuta wa jumba lenyewe, niliwahesabu watu ishirini. Walikuwa na majina, nao hawakuulizwa. Ibn Battuta huyo huyo aeleza kwamba Sultani alizoea kwenda kupiga vita katika nchi za bara na kurudi na ngawira. Mtu wa Kigoma anaifahamu habari ya watu kuhesabiwa pamoja na pembe. Ujiji tunaionyesha miembe iliyosimama katika njia za misafara. Lakini wanafunzi wasichanganye nyakati. Misafara ya Ujiji ni habari ya karne ya 19: Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858, na Stanley alimkuta Livingstone hapo mwaka 1871. Kati ya fakiri wa Kilwa na watumwa wa Ujiji kuna zaidi ya miaka 500.

Hapo nilikumbuka tena swali la yule msichana. Wakati ule ule, huko Ulaya, ngome za vitabuni zilikuwa zikijengwa kweli. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza aliijenga Harlech, juu ya mwamba wa pwani ya Wales, kati ya miaka ya 1282 na 1289, yaani muda usiozidi nusu karne kabla ya Husuni Kubwa. Hiyo nayo inatazama bahari kutoka juu. Lakini Edward alikuwa amewashinda watu wa Wales na alitaka waendelee kushindwa. Kwa hiyo alijenga ukuta ndani ya ukuta, na lango lenye minara kama uso wa mtu mkali. Al-Hasan hakuwa na haja hiyo. Hatari yake haikuwa jeshi bali ukame wa biashara: dhahabu ikikoma, wafanyabiashara wakielekea bandari nyingine, hakuna ukuta wa kuizuia hasara hiyo. Dawa yake ilikuwa kuwavuta watu, na jumba lile lilikuwa mvuto. Pembeni yake, ng'ambo ya korongo, kuna Husuni Ndogo, boma la mstatili lenye kuta nene na minara, ambalo kwa sura ndilo linalofanana zaidi na ngome. Nalo ndani yake karibu ni tupu.

Mvuto huo haukudumu. Uchimbuzi ulionyesha kwamba sehemu nyingine za Husuni Kubwa hazikumalizwa, na kwamba jumba lilikaliwa kwa muda mfupi tu. Al-Hasan alipofariki alirithiwa na ndugu yake Daud, na Ibn Battuta aeleza kwamba waombaji walipomwendea Daud, aliwaambia kuwa aliyekuwa akitoa amekwisha kufa na hakuacha kitu cha kutolewa. Yaelekea hapo pana ukweli wa mhasibu. Baadaye mji wa Kilwa ulistawi tena, Msikiti Mkuu ukatengenezwa upya, lakini watawala hawakurudi kukaa gengeni. Ghala zikabaki na upepo.

Ni nani waliojenga? Swali hili limegombaniwa sana. Neville Chittick, aliyewahi kuiongoza Idara ya Mambo ya Kale ya Tanganyika, alichimbua Kilwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1960, na kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1974. Kazi yake ya kupima na kuandika ni ya kuheshimiwa. Bila yeye tusingeijua ramani ya jumba hilo. Hata hivyo yeye, pamoja na wengi wa kizazi chake, aliwapa wageni kutoka ng'ambo sehemu kubwa mno katika kuanzishwa kwa miji hii, kana kwamba wenyeji walikuwa watazamaji. Wachimbuzi waliomfuata, wakichunguza vyungu na misingi ya nyumba za udongo zilizo chini ya zile za mawe, wamedhihirisha kwamba miji ya pwani ilikua kutoka katika vijiji vya wavuvi, wakulima na wafua chuma wa Kiafrika. Tena mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba kutoka mifupa ya watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, ikiwemo Kilwa. Ilionekana kwamba wengi wao walikuwa na asili ya Kiafrika, hasa kwa upande wa mama zao, pamoja na asili ya Kiajemi, hasa kwa upande wa baba zao. Kwa hiyo masimulizi ya wazee wa pwani juu ya Washirazi hayakuwa uwongo mtupu, wala wale waliosema kwamba ni kazi ya Waafrika hawakukosea. Ugomvi wa ama hawa ama wale ulikuwa wa wanavyuoni. Ndoa zilikuwa zimeumaliza zamani.

Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, na kati ya mwaka 2004 na 2014 yalikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Hatari yenyewe nilioneshwa na yule mzee. Mawimbi yanaila pwani, mizizi inapasua kuta, na mvua inaingia pasipo na chokaa. Aliniomba nisikanyage juu ya ukuta mmoja. Nilikuwa nimekwisha kuukanyaga.

Katika kurudi, gari moshi lilipokaribia Uvinza kulikuwa kumekucha, na safari hii nilifungua dirisha. Pale Mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi kuna chemchemi za maji ya chumvi. Katika miaka ya 1960, wakati ule ule watu walipokuwa wakichimbua Kilwa, wataalamu John Sutton na Andrew Roberts walichimbua pia Uvinza. Walikuta vigae vya vyungu na mashimo ya wapikaji wa chumvi, na vipimo vilionyesha kwamba kazi hiyo ilianza yapata karne ya 5 au ya 6. Yaani fundi wa al-Hasan alipokuwa akipinda kuba lake la kwanza, wapikaji wa chumvi katika nchi yetu walikuwa na ujuzi wa kurithi wa miaka 700 na zaidi. Walichota maji ya chemchemi, wakayachemsha katika vyungu mpaka yakauke, wakafunga chumvi, na watu wakaja kuifuata. Katika karne ya 19, ambayo habari zake zimeandikwa, chumvi hiyo ilienea pande zote za ziwa na hata Unyamwezi, na watemi wa Uvinza walitoza hongo kwa kila msafara uliovuka Malagarasi. Stanley alilalamika sana juu ya hongo hiyo. Lakini mtu aliyetoka kuona ghala za Kilwa hawezi kushangaa: kukaa mahali ambapo wengine hawana budi kupita, na kutoza, ndiyo iliyokuwa kazi ya Sultani vile vile.

Basi mvulana yule anastahili jibu, na jibu si la kuona haya. Dhahabu ya Husuni Kubwa haikupita kwetu, na sitamdanganya kwamba ilipita. Wala watu wa bara hawakukosa kujenga maboma: huko Bigo, kandokando ya Mto Katonga katika Uganda, kuna mahandaki ya kale yaliyochimbwa kwa mkono yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10 yakijumlishwa, ambayo yalianza kuchimbwa katika karne hizo za kati. Katika falme za Buha, kama vile Heru, Muhambwe na Buyungu, mwami alikaa katika nyumba ya miti na majani, na ukubwa wake ulipimwa kwa ng'ombe na kwa watu waliomwitikia. Nyumba hiyo ikiisha kuoza haiachi gofu la kupigwa picha. Chungu cha chumvi kilichovunjika huacha kigae, na kigae kinahitaji mtu wa kuinama.

Shule ilipofunguliwa niliwapeleka wanafunzi uwanjani. Tulichukua kamba na vijiti tukachora birika la pembe nane, mita 8 kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, kwa kukadiria hatua nilizopima mwenyewe. Kisha nikawaambia wakadirie maji, kwa kina cha mita moja tu. Walipiga hesabu wakapata kama mita za ujazo 53. Kwa debe la lita 20, ni zaidi ya debe 2,600. Nikawaeleza kwamba birika lile liko juu ya genge, na kwamba kila tone lilipaswa kupandishwa huko kwa mikono ya watu. Wavulana wakaanza kubishana kama punda wangefaa.

Yule msichana wa dirishani alikuwa amesimama katikati ya birika la kamba. Asubuhi hiyo, kama ilivyo desturi ya wasichana wengi wa Mwandiga, alikuwa amekwisha kuteka maji kabla ya kuja shuleni. Aliangalia chini, akageuka pande zote nane.

"Mwalimu," akauliza, "waliyabadili kila baada ya siku ngapi?"